Siku Moja Maishani Mwangu: Mhudumu wa Mgahawa wa Kimalaysia Bandarini Sydney

Saa tatu kasorobo asubuhi huwa nimeshakaa kwenye treni inayotoka Blacktown, na baada ya takriban saa moja nateremka kituo cha Wynyard na kushuka kwa miguu hadi King Street Wharf. Ndugu zangu wa Mombasa wakisikia kwamba mgahawa wetu umepakana na maji, hudhani nashinda nikitazama vyombo vikiingia na kutoka. Maji nayaona mara mbili tu: asubuhi ninapopanga viti vya nje, na usiku ninapovirudisha ndani. Saa zilizo katikati nazitumia kutembea, kubeba, na kueleza chakula cha Wamalaysia kwa Kiingereza, lugha ambayo si yangu wala si ya waliokibuni.

Saa nne kamili mlango wa nyuma unafunguliwa. Wa kwanza kukutana naye ni mama wa makamo tunayemwita Makcik, neno la Kimalei lenye maana ya shangazi, ambaye ndiye mwenye dhamana ya viungo. Hunisalimu, "Apa khabar?" nami nikajibu, "Khabar baik." Siku ya kwanza niliposikia salamu hiyo nilishtuka, kwa sababu ni habari yetu ile ile, neno la Kiarabu lililofika kwao na kwetu. Meza wao huiita meja, sabuni ni sabun, na nanasi ni nanas.

Mgahawa wenyewe ni mkongwe. Eneo hili la Darling Harbour lilikuwa la gati za mizigo na yadi za reli kabla ya kujengwa upya na kufunguliwa kwa umma mwaka 1988, na mapishi yetu yalianza kuuzwa jijini kabla ya hapo, enzi ambazo wanafunzi kutoka Malaya waliokuja Australia chini ya Mpango wa Colombo, uliowapa vijana wa Asia ufadhili wa masomo, walikuwa wakitafuta, kwa hamu ya mtu aliye mbali na kwao, sahani ya kari yenye tui la nazi. Wateja wetu wengine walianza kuja wakiwa vijana na leo wanaleta wajukuu. Hiyo ndiyo fahari yetu, na hiyo hiyo ndiyo inayotuchosha, kwani mteja wa miaka mingi hukijua chakula chake kuliko anavyokujua wewe unayemletea.

Ni lazima nieleze rempah, la sivyo yaliyotokea Ijumaa iliyopita hayataeleweka. Rempah ni viungo vibichi vilivyosagwa pamoja: vitunguu vidogo vyekundu, kitunguu saumu, pilipili kavu zilizorowekwa, mchaichai, manjano mabichi, mzizi wa lengkuas ulio wa jamii ya tangawizi, na kipande cha belacan. Belacan ni uduvi waliotiwa chumvi, wakavundikwa, wakaanikwa juani na kutwangwa mpaka wakawa donge la rangi ya udongo, na Makcik hukiotesha moto kipande hicho kabla ya kukisaga, harufu yake ikajaa jikoni mpaka kwenye ngazi. Kisha rempah hukaangwa kwa moto mdogo, mwiko ukienda bila kupumzika, hadi mafuta yajitenge na kuelea juu. Hapo tu ndipo tui linapotiwa. Mtu aliyekulia pwani yetu haoni ajabu katika kungoja mafuta yaelee. Ajabu ni kuona mteja anayefikiri kwamba baada ya kazi hiyo kitu kimoja kinaweza kuchomolewa.

Ijumaa hiyo, saa sita mchana, wafanyakazi wa maofisini waliingia, wakala, wakalipa, wakaondoka.

Saa saba na robo wakafika watu kumi na wawili wa meza ya dirishani. Mzee aliyeweka nafasi ni mteja wa tangu ujana wake, na siku hiyo alikuwa akimkaribisha mchumba wa mwanawe. Aliagiza laksa, yaani tambi ndani ya mchuzi wa rempah na tui la nazi, kwa wote bila kufungua orodha ya vyakula. Nikauliza, kama ninavyouliza kila meza, iwapo kuna mwenye mzio wa chakula chochote. Yule binti akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hawezi kula kamba wala chochote cha jamii yake, na kwamba amewahi kulazwa hospitali kwa sababu hiyo. Mzee akanitazama mimi, si yeye. "Basi mwondolee kamba kwenye bakuli lake."

Nikamweleza kwamba kamba wa juu ni mapambo tu, na kwamba uduvi wamo ndani ya rempah yenyewe na ndani ya mchuzi. Akasema anakula laksa hapa kwa miaka mingi kuliko umri wangu na hajawahi kusikia habari hiyo. Nikasema, "Mzee wangu, ndiyo maana laksa yetu ina ladha unayoijua." Akataka aitwe mpishi. Mpishi akatoka, akasema kama nilivyosema. Akataka meneja. Meneja akaja, akaomba radhi mara tatu, naye pia akasema hivyo hivyo. Mabakuli kumi na moja yalikuwa tayari yanapoa kwenye kaunta, meza nyingine tatu zilikuwa zimeinua mikono, na mzee alikuwa ameanza kueleza kwa sauti iliyofika hadi nje kwamba siku hizi wahudumu wanaogopa kila kitu. Dakika zile, kwa saa ya ukutani, zilikuwa ishirini na tano. Miguuni mwangu zilikuwa zamu nzima.

Wengi hudhani kazi yetu ni kukubali. Mimi nilikuwa nimesimama pale kukataa, mikono nyuma, kwa adabu, kwa sababu mtu mwenye mzio wa aina ile anaweza kuvimba koo na kukosa pumzi kabla gari la wagonjwa halijafika, na mkono utakaoweka bakuli mbele yake ni wangu. Sikumgeukia mzee tena. Nilimwinamia yule binti na kumwambia kwamba tuna wali wa kuku wa Hainan, unaopikwa kwa supu ya kuku, tangawizi na kitunguu saumu, usio na belacan, na kwamba mpishi atautayarisha kwa ubao na kisu vilivyooshwa upya, pilipili ya pembeni ikiachwa. Akaitikia kwa kichwa. Alimaliza sahani yote. Mzee hakuacha bahashishi, nami sikuitarajia.

Mapumziko ya alasiri niliyalala, kichwa juu ya magunia ya mchele. Mwezi wa Julai huku ni baridi na jua linazama mapema, kwa hiyo nilipoamka taa za feri zilikuwa tayari zinatikisika majini. Jioni siikumbuki kwa saa. Nakumbuka trei za mishikaki ya satay, mtoto aliyemwaga chai, nyama ya rendang iliyoisha kabla ya wakati kwa kuwa haiharakishwi, maana tui lake lazima likauke na nyama ikaangike kwa mafuta ya nazi yenyewe, na mgongo wangu ukinidai kitu nilichokuwa sina.

Karibu na saa nne usiku simu ya mgahawa ililia. Alikuwa yule binti. Aliuliza, kwa unyenyekevu ulionigusa, kama inawezekana aonje laksa siku moja, hata kama si kamili. Nikamwomba asubiri, nikaenda kumuuliza Makcik, aliyekuwa akikwangua ukoko wa rendang kwa ajili ya chakula chetu. Alifikiri kwa muda mrefu. Mchuzi utakuwa wa kuku, alisema, na chumvi itabidi itoke kwenye maharage ya soya yaliyochachushwa. Lakini kinu chake cha mawe hakifai, kwa maana jiwe hunywa harufu na mabaki ya miaka yote, na sufuria nayo lazima iwe nyingine.

Nikaandika kwenye daftari: Alhamisi, saa moja jioni, watu wawili, laksa bila uduvi. Jumatatu ndiyo siku yangu ya mapumziko. Makcik amenipa fedha na kipimo cha kinu, nami nitakwenda kukitafuta.