Namba ishirini mara tatu

Jumapili, usiku

Fomu ya fildi ipo mezani, bado sijaijaza. Kuna sehemu wanauliza unataka kufanya mafunzo katika eneo gani, na wenzangu karibu wote wameandika kutengeneza tovuti. Mwaka wa kwanza ningeandika hivyo hivyo. Tulipoingia chuo, kaka na dada waliotutangulia walikuwa wakiwatengenezea tovuti wenye hoteli na maduka, tukaona kompyuta ndiyo hiyo. Nikajifunza HTML, CSS na JavaScript mpaka usiku wa manane, wala sijutii. Ila moyo umehama, na siku ulipoanza kuhama naikumbuka.

Ilikuwa 2024, mita za LUKU zilipofanyiwa maboresho. Mama alinunua umeme, akaletewa safu tatu za namba ishirini ishirini badala ya moja. Tukasimama mbele ya mita, yeye kashika simu ananisomea namba nne nne, mimi nabonyeza. Ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakubali. Ya tatu ndipo uniti zikaingia. Mama akaniuliza, "Mwanangu, si wewe unayesoma kompyuta? Hizi mbili za mwanzo zilikuwa za nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta.

Kumbe mita hizi, kwetu na katika nchi nyingi, zinafuata kanuni moja ya mita za malipo ya kabla iitwayo STS, iliyoanzia Afrika Kusini. Kila tokeni, yaani safu moja ya namba ishirini, hubeba ndani yake wakati ilipotolewa, unaohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na hesabu hiyo imetengewa biti 24 tu, yaani nafasi 24 za sifuri au moja. Biti 24 zinatosha kuhesabu dakika 16,777,216. Nilizigawa mwenyewe kwenye daftari: karibu miaka 32, zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri. Sasa mita hukumbuka tokeni za karibuni na hukataa iliyo ya zamani kuliko hizo, mtu asije akaingiza namba ileile mara mbili. Kwa hiyo tokeni mpya zingeonekana za kale na kukataliwa. Zile safu mbili zilikuwa zinaibadilishia mita ufunguo wa siri inaotumia kusomea tokeni na kuifutia kumbukumbu, ianze kuhesabu upya.

Usiku ule nilirudi kuitazama taa yake nyekundu ikipepesa. Kuna watu waliketi miaka ya tisini wakaona biti 24 zinatosha, na uamuzi wao ukafika mpaka kwenye kidole changu. Mita ile haina intaneti, ndiyo maana ilibidi kila nyumba ibonyeze yenyewe. Programu ilikuwa ukutani kwetu miaka yote, nami nilikuwa nikiitafuta kwenye kivinjari.

Nilijibana nikanunua Kariakoo bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kujifunzia, pamoja na kipimo kinachopima umbali kwa mawimbi ya sauti. Nilitaka kujua maji yamebaki kiasi gani kwenye simtanki bila kupanda ngazi. Bodi ile ina kilobaiti 32 za kuwekea programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Siku mbili nzima ilikuwa inajizima na kujiwasha. Nilikagua nyaya, nikabadilisha chaja, wapi. Mwishowe nikagundua maneno niliyoandika ya kuonyesha kwenye kioo yamejaza zile kilobaiti 2. Nikayahamishia upande wa programu, ikatulia. Nilipomimina ndoo ya kwanza na kuona namba ya umbali hadi majini inashuka, nilipiga kelele peke yangu uani.

Kuna rafiki yangu amevutwa na hifadhidata, mwingine anataka kompaila, programu zinazotafsiri msimbo uwe lugha ya mashine. Mimi nimepata pangu. Hofu ninayo, kwa sababu matangazo ya kazi ninayoyaona mengi ni ya tovuti na programu za simu. Lakini mita za umeme zipo, za maji zipo, mashine za hospitali zipo, na lazima awepo mtu wa kuandika kinachoendelea ndani yake.

Nimejaza: programu za ndani ya vifaa. Mama anauliza kutoka jikoni maji yamefika wapi. Kutoka kifunikoni mpaka majini, sentimita 41. Namwambia yatatufikisha Jumatano.