Chupa za Maji Dukani kwa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na duka la wanyama wa kufugwa nyumbani mjini Morogoro, si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu, na katika mwaka 2021, wakati nimemaliza chuo na kazi niliyoiomba haijaonyesha dalili ya kuja, alinikabidhi simu ya duka na kuniagiza nilitangaze mtandaoni. Soko jipya lilikuwa limefunguliwa Februari ya mwaka huo na wapita njia mtaani kwetu walikuwa wameongezeka, lakini duka lenyewe lilijificha uchochoroni, nyuma ya fundi cherehani na muuza vipuri vya pikipiki, hata jirani mmoja aliwahi kutuuliza ni nani anayefuga njiwa wanaosikika asubuhi. Ndani mlikuwa na matangi ya kioo yenye samaki wa mapambo, sungura, simbilisi, njiwa, chakula cha mbwa kilichopimwa kwa kilo kutoka kwenye gunia, minyororo ya kila unene, na mchanganyiko wa mtama na ulezi ambao mjomba aliupepeta mwenyewe kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo.

Nilianza kama wanavyoanza wengine, yaani kwa picha. Tangazo la watoto wa mbwa liliondolewa kabla ya jioni na mtandao mmoja wa kijamii, kwa maelezo kwamba masharti yake yanawakataza watu binafsi kuuziana wanyama hai, na akaunti ikafungiwa kwa muda. Mjomba, ambaye mbwa wake hawakutoka dukani bila kadi ya chanjo, alilichukua jambo hilo kama tusi. Mimi niliyaona masharti yale kuwa na sababu, kwa maana wapo wanaouza mbwa wagonjwa kwa picha za kuokota, ila sikuthubutu kumwambia hivyo siku ile. Wakati huo huo, kila baada ya muda alitokea mtu akiulizia kasuku wa kijivu anayesema, nami nilimjibu kwamba tangu Januari 2017 ndege huyo yumo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, ile inayozuia biashara ya kimataifa ya viumbe waliokamatwa porini, na kwamba kufuga mnyamapori hapa nchini kunahitaji kibali. Wengi waliopata jibu hilo hawakurudi kuuliza lolote jingine.

Jambo tulilobishana zaidi lilikuwa bei. Desturi ya biashara nyingi za mtandaoni kwetu ni kuweka picha inayong'aa na kuandika chini yake "bei njoo inbox", na mteja anayeuliza bei hadharani hujibiwa kana kwamba amevunja adabu. Mjomba aliipenda sana desturi hiyo, akidai kwamba wenzake wa Dar es Salaam wakiona bei zetu watashusha zao. Nilimweleza, kwa heshima inayompasa mpwa, kwamba mimi mwenyewe nikikutana na maneno hayo huwa napita. Alinisikiliza hadi mwisho, akamaliza chai yake, na bei hazikuandikwa.

Tulihamia WhatsApp, na huko nilijifunza mambo ambayo hakuna mtu alikuwa amenieleza. Makundi ya wakati ule hayakuweza kuzidi watu 256, na kundi la mtaa wetu lilikuwa limejaa, hivyo tangazo lolote lilizama kati ya taarifa za misiba, michango ya harusi na salamu za asubuhi zenye picha za maua. Wengi katika kundi lile walikuwa Waislamu kama sisi, na mjomba alinikataza kabisa kuweka picha za mbwa humo. Mbwa wa ulinzi ana nafasi yake, alisema, lakini huwezi kumwingizia mtu picha ya mbwa simuni wakati anajiandaa kwa sala. Paka waliruhusiwa, kwa kuwa paka hana ugomvi na mtu. Njia iliyobaki ilikuwa ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu ili kila mmoja aupokee peke yake, na kasoro yake ni kwamba humfikia tu yule aliyekwisha kuihifadhi namba yako. Kwa hiyo tukawa tunaandika namba ya duka kwa kalamu nzito kwenye kila mfuko wa samaki, na mjomba hakumwachia mteja mfuko wake mpaka amwone akiihifadhi namba hiyo mbele yake. Wapo waliokereka, lakini orodha ilikua.

Kisha Julai ikaja na tozo za miamala ya simu. Wateja waliozoea kututumia fedha na kuletewa mzigo na bodaboda walianza kusema kwamba watapita wenyewe na fedha taslimu, na wengi wao hawakupita. Tulikuwa na watu waliotujua, waliozitazama picha zetu usiku na kuzisifia, na ambao hawakuwa na sababu ya kuufikia uchochoro wetu.

Sababu hiyo ilitokana na malalamiko. Ujumbe uliokuja kwa wingi zaidi katika simu ya duka, hasa baada ya saa tatu usiku, ulikuwa wa samaki waliokufa. Mtu alinunua Jumamosi, na Jumatano anatuma picha ya samaki anayeelea tumbo juu, pamoja na maneno ambayo sitayaandika hapa. Mjomba hakupenda kuandika, hivyo alijibu kwa sauti, polepole, akimuuliza kila mmoja maswali yale yale: maji umeyatoa wapi, yamekaa wazi kwa muda gani kabla ya kumtia samaki, tangi unalisafishaje, umeme ulikatika lini. Nikiwa nimekaa pembeni nikimsikiliza, niligundua kwamba kila jibu lilikuwa somo kamili, na kwamba lilimfikia mtu mmoja tu, tena aliyekuwa na hasira. Niliomba ruhusa ya kuzikusanya sauti zile, nikaondoa majina, nikazituma kwa orodha nzima. Watu walizisambaza mbali zaidi kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga, na maswali yaliyorudi yalifanana: sasa maji ya kwangu nitajuaje kama ni mazuri?

Mjomba alikuwa na boksi la dawa za matone za kupimia maji, alizoagiza Dar es Salaam na kuzihifadhi kwenye kabati kama hati za shamba. Nilipopendekeza tutangaze kwamba Jumamosi tutampimia bure yeyote atakayeleta maji ya tangi lake ndani ya chupa, alinitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa dawa ile ilikuwa ghali na yeye hakuwahi kutoa kitu bure isipokuwa ushauri. Mwishowe alikubali kwa sharti moja, kwamba tangazo alitoe yeye kwa sauti yake. Alisema maneno machache: "Leteni maji yenu, tuone samaki wenu wanaishi wapi."

Sikutarajia watu wengi. Hadi saa nne asubuhi uchochoro ulikuwa umejaa kiasi kwamba fundi cherehani alilazimika kuingiza meza yake ndani, jambo alilolifanya kwa manung'uniko mpaka alipopata wateja wawili wa kupunguziwa suruali. Walikuja na chupa za maji ya kunywa, vikopo vya siagi, chupa za dawa ya kikohozi, na mmoja alikuja na ndoo nzima akidai kwamba chupa isingetosha kuonyesha tatizo. Kijana wa sekondari alileta maji ndani ya chupa ya soda ya chungwa ambayo hakuisuuza. Mjomba aliyanusa, akampa yule kijana naye anuse, na uchochoro mzima ukacheka, kijana akiwa wa kwanza.

Upimaji wenyewe una utaratibu wake. Maji hutiwa kwenye kijichupa chembamba, yakaongezwa matone, yakatikiswa, kisha yakaachwa dakika 5 ndipo rangi isomwe kwa kulinganishwa na kadi: kwa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki wenyewe, manjano ni salama na kijani ni hatari, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo hatari inavyozidi. Dakika hizo 5 ndizo zilizotuuzia vitu. Mtu hawezi kusimama dakika 5 katika duka lenye simbilisi bila kuwatazama simbilisi. Mama mmoja mwenye saluni, ambaye hakuwa na nia ya kununua chochote, alimaliza muda wake wa kusubiri akiwa amembeba sungura, na hakumrudisha.

Mtu ninayemkumbuka zaidi ni mwalimu mstaafu aliyekuja amevaa koti, na chupa yake ameifunga kwa karatasi iliyoandikwa tarehe na saa ya kuchota. Samaki wake walikufa kila mwezi, ingawa alikuwa mtu msafi ajabu: kila Ijumaa aliwatoa wote, akaosha tangi, kokoto na chujio kwa sabuni, akajaza maji mapya ya bomba na kuwarudisha saa ile ile. Maji yake yalitoka kijani kilichokolea. Mjomba alimpa kiti, akamwamkia, kisha akamweleza kwamba samaki hutoa amonia kwa mashavu na kinyesi chake, na kwamba katika kokoto na chujio huota bakteria wanaoibadilisha amonia hiyo kuwa nitriti, na wengine wanaoibadilisha nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Kazi hiyo huchukua kama mwezi mmoja kutengamaa, naye kila Ijumaa aliifuta yote kwa sabuni. Klorini ya maji ya bomba iliwamaliza waliosalia. Alimshauri abadilishe robo tu ya maji kwa wiki, maji hayo yawe yamekaa kwenye ndoo iliyo wazi tangu jana yake, na kokoto azisuuze kwa maji yale yale yaliyotolewa tangini. Mwalimu aliandika yote, kisha akauliza swali ambalo nadhani lilimuuma mjomba kidogo: "Haya yote, mbona hukuniambia siku uliponiuzia?"

Mjomba alisema kweli, hakumwambia. Alichota tangini samaki wawili wadogo aina ya gapi akampa bila malipo, kisha akaghairi na kuwarudisha tangini, akasema atampa baada ya mwezi, tangi likishatengamaa.

Palikuwapo pia mwanafunzi wa udaktari wa mifugo kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine, ambaye alikuja kama mteja na kuishia nyuma ya meza akitusaidia kusoma rangi. Kulipotokea maji ya kisima ambayo mwenyewe alisema hayatoi povu la sabuni, ndiye aliyetueleza kwa nini amonia kiasi kile kile huua haraka zaidi katika maji yenye joto na yenye pH ya juu, yaani kile kipimo cha uasidi wa maji ambacho kikipanda uasidi hupungua. Mjomba aliongeza la kwake, kwamba maji magumu kama hayo, yenye madini mengi, hayana ubaya wowote ukichagua samaki wanaoyapenda: gapi na moli hustawi humo, na samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao kwao pH hukaribia 9, huyaona maji hayo kama ya nyumbani, lakini tetra usimpeleke. Mwenye kisima alikuwa amekuja kununua tetra, akaondoka na moli. Niliona mjomba akifuta samaki wa bei kubwa kwenye hesabu yake ya siku na kuandika wa bei ndogo, wala hakusita.

Jioni ile tulikuwa na daftari lililojaa mitaa, chanzo cha maji, na rangi iliyotoka, kwa kuwa yule mwanafunzi alikuwa ameandika kila kitu kwa mpangilio wa maabara. Nilianza kulitumia tangu Jumatatu. Badala ya kutuma picha moja ya samaki kwa watu wote, niliwatumia wenye visima ujumbe wa samaki wa maji magumu, na wenye bomba niliwatumia ukumbusho wa kulaza maji kwenye ndoo, hasa mvua zilipochafua maji na harufu ya klorini ikazidi. Umeme ulipokatika kwa muda mrefu, mjomba alirekodi maelezo ya namna ya kuchota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa pampu ikiwa imezimika, na sauti hiyo ilirudi kwetu kutoka kwa watu wa Dodoma ambao hatukuwajua.

Mwalimu mstaafu alirudi na chupa yake iliyofungwa kwa karatasi, maji yakatoka manjano, na alikabidhiwa gapi wake mbele ya watu. Alimwambia mjomba kwamba sasa amebakiza jambo moja la kujirekebisha, nalo ni kuandika bei, kwa sababu yeye ana wajukuu wanaomsumbua kwa maswali na hawezi kuwa anapiga simu kwa kila samaki. Kwa kuwa maneno hayo yalitoka kwa mtu mzima, hayakuhitaji chai wala kufikiriwa. Usiku ule bei zote zilitumwa kwa orodha nzima, kuanzia chakula cha mbwa hadi kijiko cha ulezi, na chini yake ikafuata sauti ya mjomba akitangaza upimaji wa Jumamosi nyingine: karibuni nyote na maji yenu, ila mwenye chupa ya soda aisuuze kwanza.