Siku moja maishani mwangu: fundi simu mwenye skizofrenia, Ngamiani Tanga

Saa 11 na nusu alfajiri. Alamu yangu sio mlio, ni sauti ya mama nimemrekodi: "Baba ee, amka, kumekucha, swali uende kazini." Mama mwenyewe yuko chumba cha pili anakoroma, mi naamshwa na yule wa kwenye simu. Zamani nilikuwa natumia mlio wa kawaida ila ukilia tu na jamaa zangu nao wanaamka, ndo nikabadili. Jamaa zangu ni zile sauti ninazosikia. Nna skizofrenia, ugonjwa wa akili, tangu 2016, nilikuwa na miaka 21, na kuamka kwangu ni shughuli maana olanzapini, dawa yangu ya usiku, inanilaza kama robota la mkonge.

Saa 1. Baiskeli, Makorora mpaka Ngamiani. Chai ya tangawizi na vitumbua viwili, basi.

Saa 2 nafungua kibanda. Niwaambie kitu wateja wangu hawakijui, simu ya kwanza kuifungua maishani ilikuwa yangu mwenyewe, natafuta kamera niliyoamini wameniwekea ndani. Sikuikuta, nikafungua ya dada, nikafungua ya mama, nikamalizia na redio ya jirani. Nyumbani walishasema nimerogwa, nikazungushwa kwa waganga miezi kama saba ndo nikafikishwa kliniki ya akili, na nilipopata nafuu kitu pekee nilichobaki nakijua sawasawa ni ndani ya simu kulivyo. Nikawa fundi.

Saa 4. Nabadilisha sistimu chaji, solda imeshika moto, jamaa mmoja anaanza: "Ataunguza huyo, hajui kitu." Sauti ya mwanaume, sikio la kushoto, siku zote huyo huyo. Kipindi cha nyuma ningemjibu kwa nguvu mtaa mzima ukageuka. Sista wa kliniki ndo alinifundisha, akasema we weka simu sikioni umjibu kama umepigiwa. Basi nachukua simu, "Kaka niko kazini, nitafute jioni," nashusha, naendelea. Hanyamazi moja kwa moja ila akipewa ahadi ya jioni anapunguza maneno. Na siku hizi mji mzima watu wanaongea peke yao barabarani na vidubwasha masikioni, nani atanishangaa mimi? Ila kuna siku mteja aliniangalia weee, mwisho akauliza, "Fundi, hiyo si simu yangu, na betri si ile pale mezani?" Nikamwambia najaribu spika.

Saa 6. Kaja mama mmoja wa makamo, nikampa shikamoo, akakaa kwenye stuli, akatoa simu kwenye mfuko, imelowa chepechepe. Ya mwanawe wa miaka 19, kaizamisha kwenye ndoo ya maji kwa makusudi. "Anasema wanamsikiliza, mwanangu. Halali. Usiku anazunguka uani anaongea na watu mi siwaoni." Mikono ilikufa ganzi na ile simu nimeishika. Nikamuuliza yameanza lini, akasema tangu mwezi wa mfungo, kuna mtu kamtupia majini. Sikumbishia, maana mama yangu nae angebishiwa siku zile angenyanyuka akaondoka. Nikamwambia mama kisomo endelea nacho, havigombani, ila mpeleke hospitali ya Bombo, kliniki ya akili, wiki hii hii, usisubiri mpaka avunje kitu watu wamfunge kamba, na mi mwenyewe ninayekutengenezea simu nakunywa dawa za huko huko. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Wewe?"

"Mimi."

Nikamwandikia namba yangu kwenye kipande cha boksi. Nikamuomba akifika nyumbani asibishane nae kama wanaomsikiliza wapo au hawapo, hiyo kesi hataishinda, amwambie tu nimeona usingizi unavyokutesa, twende tukautafute. Mimi nilikubali kwenda kwa neno hilo hilo la usingizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu mtu 1 katika kila 345 anaumwa ugonjwa huu, na kwa watu wanaopita barabara hii kwa siku nilikuwa najiuliza wenzangu wanapitia wapi.

Saa 8 mchana. Imeingia meseji, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Nyie mnacheka mnafuta. Mi jasho linanitoka, hela ipi, wamenijuaje, nani kawapa namba? Kanuni yangu ni moja, napiga picha skrini namtumia dada yuko Korogwe: "Ya kweli hii?" Anajibu, "Matapeli hao mdogo wangu, hata mi juzi wamenitumia." Moyo unashuka. Ndo maana nikisikia mtu ana mpango wa kutukumbusha dawa kwa meseji kutoka namba isiyo na mwenyewe nasema jamani taratibu. Huko Liuyang, China, walifanya utafiti na watu 278, majibu yakatoka 2019, waliotumiwa meseji walikunywa dawa vizuri kuliko wenzao, lakini hawakuachiwa meseji peke yake, kila mmoja alikuwa na mtu wa kumfuatilia, wengi ni ndugu. Hapo sawa, hata dada yangu ningempeleka akafundishe.

Saa 11 jioni nafunga. Njiani nasikia naitwa kwa jina, nasimamisha baiskeli, narekodi sekunde 20 halafu nasikiliza: bajaji, mtoto analia, bajaji nyingine. Hamna jina. Nikiwa vibaya hata hii haisaidii, nakuwa naamini wamelifuta, ila leo imesaidia.

Saa 3 usiku. Nameza kidonge, napiga picha lile tundu tupu kwenye karatasi ya dawa, dada anarudisha dole gumba. Halafu simu inaenda kulala kwa mama. Mwaka juzi nilikesha siku tatu naangalia video za watu wanaotawala dunia kwa siri, nikaishia wodini.

Saa 3 na nusu mama anagonga. "Baba, namba ngeni." Na mi namba ngeni ndo ugonjwa wenyewe. Nikaiangalia mpaka ikakata. Ikapiga tena, nikapokea. Sauti ya kijana, ya chini chini, kama kajificha chooni.

"Fundi. Umekuta nini humo ndani?"

"Nimekuta maji tu, mdogo wangu. Kesho naifungua tena, nataka na wewe uwepo uangalie mwenyewe."

Kimya. Nikawa nasikia ndala zake zinatembea uani.

"Saa ngapi?"