Wenye Kipande Kulia

Jumamosi nilikuwa nachambua mchele, vijana wawili wa kamati ya chama wakabisha hodi. Fulana mpya, kofia mpya, daftari jipya. "Mathe, nyumba hii ina wapiga kura wangapi?" Habari ya asubuhi hakuna, na chama hawakukitaja kwa sababu fulana zilishakitaja. Nikawaambia mmoja na nusu. Nusu ni binti yangu, ambaye ameshachukuliwa alama za vidole na tangu hapo hana usingizi, kila siku anauliza kama kitambulisho chake kimetoka. Mmoja wao akamhimiza asizembee, Agosti 2027 haiko mbali, kijana asipojiandikisha atachaguliwa viongozi na wengine. Maneno mazuri, ila aliyasema huku macho yakiwa kwenye daftari.

Walipoenda binti akanigeukia. "Mbona Nyanya hukumhesabu?"

Mama mdogo, ambaye ndiye Nyanya, alikuwa kwenye kochi na tasbihi yake. Akajifanya hajasikia. Mnamjua: sufuria ikichemka nyumba ya tatu yeye huisikia. Nikamwambia binti amuulize mwenyewe, akaogopa. Basi nitawasimulia nyinyi.

Ilikuwa 2002, Majengo ya Pumwani, Nairobi, miezi kadhaa kabla ya uchaguzi wa Desemba. Mzee Moi alikuwa anaondoka kwenye urais baada ya miaka 24, na chama chake, KANU, kilikuwa hakijawahi kung'olewa tangu 1963, kwa hiyo kila kibaraza kilikuwa na mkutano wake. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nikihesabu mabati. Nikachukuliwa kuwa katibu wa kamati ya tawi kwa sababu ya mwandiko. Mwenyekiti aliuona kwenye kadi za harusi ya jirani akauliza ni wa nani. Ni chama gani? Kilishaungana na vingine, kikaachana navyo, na waliokiongoza leo wanakaa meza tofauti, kwa hiyo tuseme tu chama.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu. Alifundisha jiografia, historia na uraia maisha yake yote na nadhani hakuwahi kuacha. Wenzake kwenye kamati walitaka wajumbe, fulana na usafiri wa kwenda mikutano ya Kamukunji. Yeye alitaka raia. Kila kikao alitueleza kwamba baraza la jiji sasa linatakiwa kuwaita wakazi wa kila wodi wachague wenyewe miradi, mpango uliokuwa ukiitwa LASDAP, na kwamba Majengo tukikaa kimya mtaro wa maji machafu utabaki pale pale. Alikuwa ameisoma karatasi nzima ya mpango huo. Sidhani kama kulikuwa na mtu mwingine Pumwani aliyeisoma, hata diwani.

Ndiye aliyesisitiza tufanye mkutano wa wakazi, si wa wanachama. Tukaombewa ukumbi wa Memorial. Chai ya maziwa, mahamri, mbaazi. Watu wakaja kwa ajili ya mahamri, wala sioni ubaya.

Mwalimu akasimama. Akaongea juu ya mtaro, taa za barabarani, vyoo vya umma. Akasema haya yote yanaanzia kwenye kura, na kura inaanzia kwenye kujiandikisha, na raia asiyejiandikisha ni mgeni katika nchi yake mwenyewe. Makofi yakapigwa, ya adabu. Nami nikaandika: wakazi walihimizwa.

Hapo ndipo Bi mkubwa mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa miongoni mwa wale wanawake wenye nyumba wa Majengo, za udongo na bati, yake aliirithi kwa mama yake, na vyumba alikodisha kwa watu wa kila kabila. Hakuwa mwanachama. Leso moja kichwani, nyingine kiunoni.

"Mwalimu, keti kidogo upumzike."

Mwalimu akaketi. Sijawahi kuona mtu mwingine akimwambia Mwalimu akae, naye akakaa.

"Mwaka wa 1988 mlitupanga mlolongo nyuma ya mapicha ya wagombea, tukahesabiwa kama mbuzi. Leo nitawapanga mimi. Mwenye kipande, yaani kitambulisho, aende kulia, dirishani. Asiye nacho aje kushoto, hapa mlangoni."

Kwanza watu walicheka. Kisha mwenye bucha akainuka, akaenda kulia huku anapapasa mfuko wa shati kuhakikisha kimo. Wazee wawili wakamfuata. Makanga, muuguzi, mama wa viazi karai. Kulia kukaanza kujaa, na kila aliyefika alisimama wima kidogo kuliko alivyokuwa ameketi.

Kushoto palikuwa patupu. Nakumbuka ule upatupu, saruji iliyopasuka na kiatu cha mtoto kilichosahaulika. Halafu kijana mmoja, fundi wa jua kali aliyekuwa akifua masufuria Kamukunji, akatoka kwenye benchi la nyuma na kwenda kusimama pale peke yake, mikono kifuani. Hakutazama mtu. Zikapita pumzi kadhaa. Akaenda wa pili. Kisha benchi zikaanza kukwaruza sakafu zote kwa pamoja.

Mume akaenda kulia na mke kushoto. Wale wawili walikuwa wameoana tangu enzi za Mzee Kenyatta, wamezaa, wameozesha, na kwa uso wa yule mzee ilionekana wazi kwamba hilo hakulijua. "Njoo huku," akamwita kwa sauti ya chini. "Huko nije na nini?" mke akamjibu.

Mama mdogo alikuwa ameketi karibu nami, kikapu miguuni. Nyumbani sote tulijua kipande chake kiko sandukuni. Sanduku lilikuwa na kufuli, na hapakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Akakusanya leso yake, akaokota kikapu, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akaenda kushoto. Alitembea polepole sana kwa mwanamke wa umri wake wa wakati ule.

"Na wenye karatasi je?" mtu akauliza. Karatasi ya kusubiria, yaani. Mimi pia nilikuwa nayo, nimeikunja ndani ya daftari la kumbukumbu. Bi mkubwa akafikiri.

"Karatasi inapiga kura?"

"Haipigi," akasema Mwalimu.

"Basi mkae hapo katikati tuwaone."

Tukasimama katikati, sisi vijana wa karatasi, tukichekana. Sheria ilikuwa wazi na mpaka leo iko hivyo: bila kitambulisho au pasipoti huandikishwi kuwa mpiga kura. Mwalimu aliijua. Nadhani alichokuwa hajakijua ni sura zake.

Meza kuu ilibaki na watu wawili, mwenyekiti na mweka hazina. Mweka hazina alikuwa muuza mafuta ya taa, mtu wa maneno machache, ndiye aliyetuuzia sote kadi za chama. Akainuka. Akachukua kisanduku cha pesa, maana hakuwa wa kukiacha mezani, akashuka na kwenda kushoto nacho.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. "Hata wewe? Si wewe uliyeniuzia kadi?"

"Kadi za chama ninazo boksi zima, Mwalimu. Kipande ndicho sina."

Akaombwa aeleze, akaeleza kwa sauti ile ile ya kuuzia mafuta. Alikwenda afisini akiwa kijana. Walipoona jina lake wakamweka kando na wenye majina kama hayo, siku ya kupigwa msasa. Mbele ya meza wakamwuliza baba yake ni nani, akamtaja. Babu yake? Akataja. Cheti cha kuzaliwa cha babu kiko wapi? "Babu yangu alizaliwa kabla reli haijafika hapa. Reli imefika 1899. Hicho cheti angeandikiwa na nani, nyumbu?" Akarudi tena na wazee wawili wa mtaa wa kumshuhudia. Wakamwambia faili haionekani. Akafungua duka.

Mzee mmoja upande wa kulia, mwenye kipande, akasema kitu ambacho niliacha kalamu nikamtazama. "Baba yangu Mzungu alimtundika kipande shingoni kwenye kikopo cha bati, bila kuomba. Sasa huyu anaomba, ananyimwa."

Kuna waliopoteza vyao wakachoka kufuata. Kuna waliozaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga ilhali hospitali ya uzazi ya Pumwani iko hatua chache kutoka mlangoni kwao. Kuna walioombwa kitu kidogo na hawakuwa nacho. Wote walisema, mmoja baada ya mwingine, na chai ikapoa. Mama mdogo hakusema. Mwalimu alisimama akahesabu kwa kidole, pande zote, akarudia. Kushoto walizidi.

Akaja kwangu akanong'ona, "Andika: wakazi walihimizwa kujiandikisha." Mweka hazina, masikio yake pia yalikuwa mazima, akasema kutoka kule mlangoni, "Andika na nilipokuwa nimesimama." Nikaandika yote mawili, moja chini ya jingine. Mwalimu akasoma, akasoma tena, akatia saini.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwalimu aliandika barua kwa chifu, kwa DO, yaani afisa wa tarafa, kwa kila mwenye muhuri, na mwandiko ulikuwa wangu. Aliwasindikiza watu afisini kwa makundi, na tai yake ya shule. Baadhi walipata, baadhi waliambiwa warudi, na wapo waliorudi mpaka viatu vikaisha. Wakubwa wa chama walituma mtu kuuliza kazi inaendeleaje. Walipoelewa kwamba wale wa kushoto hawana kura ya Desemba, pesa ya chai ikakatika. Mwalimu aliomba tiketi ya udiwani, ikaenda kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona Memorial hata siku moja. Kitambulisho changu kilitoka nikawahi. Tarehe 27 nikapiga kura, tarehe 30 nikawa Uhuru Park kwenye umati, kandambili moja mguuni, Kibaki akiapa kwenye kiti cha magurudumu. Nililia. Kila mtu alilia siku ile, msinicheke.

Mpaka leo sijui niwaweke wapi wale wanakamati. Kazi ya kamati ya chama ni kuwinda kura, na mwindaji hamhimizi swala kwa sababu anampenda. Hilo nalijua, ndiyo maana vijana wa Jumamosi niliwajibu kwa ufupi. Lakini nani mwingine aliyewahi kutukusanya Majengo nzima chini ya paa moja, msikiti na kanisa, mwenye nyumba na mpangaji, akatufanya tujuane kiasi kile? Chifu alikuwa na baraza lake, na barazani kwake sisi tulikuwa watu wa kusikiliza. Halafu tena nafikiri: si kamati iliyotupanga, ni Bi mkubwa, na yeye alikuja kula mahamri. Lakini mahamri yalikuwa ya kamati. Hapo ndipo huwa nakwama, nikaenda kufanya kazi nyingine.

Mama mdogo alipata kitambulisho miaka baadaye, na si kwa ajili ya uchaguzi wowote. M-Pesa ilikuja 2007, watoto wake wa Mombasa wakataka kumtumia pesa, na laini bila kitambulisho haisajiliwi. Safari hii alikwenda afisini mwenyewe, hakumwambia mtu, akarudi nacho kwenye kikapu chini ya sukumawiki. Uchaguzi uliofuata nikamwuliza kama tutakwenda pamoja.

"Waliponitaka sikuwa nacho," akasema. "Sasa ninacho, siwataki."

Sikubaliani naye, na nilimwambia hivyo, tukanuniana mpaka matokeo yakatangazwa. Sijamhesabu tena tangu siku hiyo.

Mwalimu na mweka hazina nilikutana nao mara ya mwisho enzi hizi za kaunti, kwenye kikao cha kutoa maoni juu ya bajeti. Viti vya plastiki vingi, watu wachache. Mwalimu alikuwa ameichapisha rasimu yote kwa pesa yake na kupiga mistari mahali panapotajwa mitaro. Karatasi ya mahudhurio ikapita: jina, nambari ya kitambulisho, simu, saini. Mweka hazina akajaza nambari yake kwa kichwa, bila kutoa kadi mfukoni, akanipa kalamu. Kisha akanyoosha mkono kabla hata kikao hakijafunguliwa, afisa wa kaunti akafurahi kupata mchangiaji wa kwanza.

"Mimi nauliza tu," akasema, "chai ni kabla ya maoni au baada?"