Mzee Anayekimbia

Jumapili, jioni

Somo la leo katika shule ya Jumapili lilikuwa Luka 15, mwana mpotevu, kijana aliyeondoka kwa baba yake kisha akarudi. Nilikwenda na picha moja tu, ile kubwa niliyoibandika kwenye kadibodi: baba ameshika pindo la kanzu, mguu mmoja uko juu, anakimbia kumlaki kijana aliyechakaa. Sikusema neno. Huwa nawaacha watoto waitazame picha mpaka waanze kunong'onezana wenyewe. Wa kwanza kupaza sauti alikuwa binti wa darasa la pili: "Mwalimu, mbona huyu mzee anakimbia? Wazee hawakimbii."

Alisema kweli. Huku kwetu mlimani Kilimanjaro, mzee mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, na ng'ombe zizini hatoki mbio. Ukimwona anakimbia, ujue kuna moto au kuna msiba. Wenzake wakadakia. Mmoja akasema anamkimbilia amchape. Mwingine akasema baba angekaa kitini, kijana ndiye aje apige magoti. Nikawasomea mstari wa 20, kwamba baba alimwona mwanawe alipokuwa angali mbali, akamwonea huruma, akaenda mbio. "Kumbe alikuwa anamsubiri!" akasema yule yule aliyedhani kijana atachapwa. "Angejuaje kuwa ni yeye, na yuko mbali?"

Kwa swali hilo nisingebadilisha picha hii na mahubiri yoyote. Ningesoma tu, zile mbio zingepita masikioni mwao kama zinavyotupita sisi watu wazima, tunaoijua habari hii tangu tukiwa wadogo.

Papa Gregori Mkuu, karibu mwaka 600, alimwandikia Serenus, askofu wa Marseille aliyekuwa amevunja picha za kanisani, akamweleza kuwa picha humsaidia asiyejua kusoma kama maandishi yanavyomsaidia msomaji. Namheshimu kwa kuzitetea, lakini hapo naona aliishia njiani. Watoto wangu wa darasa la nne wanasoma Biblia bila kukwama, na bado picha huwaonyesha kitu ambacho macho yao yaliruka kwenye mstari. Namwelewa zaidi Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo Wamoraviani wenzetu wa Rungwe na Tabora hulihesabu kuwa chimbuko lao. Mwaka 1658 alichapisha kitabu cha watoto chenye picha na maneno bega kwa bega, kwa sababu aliamini mtoto huanza kujua kwa kuona na kugusa.

Sasa shida ni picha zenyewe. Vitabu vingi tunavyopewa na wafadhili vimechorwa mbali. Zakayo, yule mtu mfupi aliyepanda mti ili amwone Yesu, amechorwa juu ya mti ambao hakuna mtoto wa hapa anayeutambua, wakati mkuyu wa Luka 19 ni mti ule ule unaoota kwenye mabonde yetu, kando ya mito. Nilipofundisha habari hiyo niliacha kitabu, nikawapeleka chini ya mkuyu wenyewe. Matawi yake yanaanzia chini, shina limetanuka. Hata mtu mfupi anapanda. Wakaelewa mara moja kwa nini aliuchagua.

Na uso wa Yesu je? Nimelifikiria sana hili. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa hapa Marangu, alichora ukutani mwa kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya, miaka ya 1950, akamweka Yesu Mwafrika katika nchi ile ile ya vilima. Kaskazini mwa Kameruni, miaka ya 1970, Wakristo wa kabila la Wamafa waliigiza habari za injili kijijini kwao, na maigizo yale yakawa msingi wa picha zilizochorwa baadaye na kusambaa dunia nzima. Mimi huziweka ukutani pamoja na zile za Ulaya, halafu nawaambia watoto ukweli: Yesu alikuwa Myahudi wa Nazareti, na hakuna aliyetuachia picha ya sura yake. Kisha nauliza kila mchoraji alitaka tujue nini. Sitaki mtoto akue akidhani Mwokozi ni mgeni kutoka ng'ambo. Wala sitaki asahau kwamba alizaliwa katika taifa fulani, mji fulani, mama fulani.

Nirudi kwenye leo. Baada ya kuomba, mtoto mmoja, ambaye sitasema lolote la kumtambulisha, alibaki akikunja mikeka nami. Akauliza kama baba yake naye, akirudi, atakimbia hivyo. Baba huyo aliondoka zamani. Katika hadithi anayeondoka ni mtoto. Nyumbani kwake ni kinyume. Nilimwambia kwamba sijui kuhusu baba yake, ila huyu wa kwenye picha Yesu alimsimulia ili tumjue Mungu alivyo, na Mungu hajaondoka. Akatikisa kichwa, akaendelea kukunja. Jioni nzima nimekuwa nikimwombea. Mwalimu anayechagua picha ya baba lazima ajue darasani mwake nani hana baba, na akishajua, asiifiche picha. Akae karibu tu.

Ndiyo maana siku hizi sifungi kipindi kwa "hadithi hii inatufundisha kuwa watiifu". Utii upo, msamaha upo, nami nataka wavipate. Lakini nimeona mtoto akishapewa jibu huacha kutazama. Kwenye habari ya binti Yairo, msichana ambaye Yesu alimfufua, nilinyamaza hivyo hivyo, wakagundua wenyewe kwamba kitabu hakikuchora chakula, ilhali Yesu aliagiza binti apewe kitu ale. Wakachora uji. Ukarimu ule hawakuupata kwangu.

Jumapili ijayo ni zamu ya kaka mkubwa wa mwana mpotevu, aliyekasirika akakataa kuingia kwenye karamu ya kumpokea mdogo wake. Kwenye picha yangu hayumo kabisa, na Luka anaimaliza habari bila kusema kama aliingia karamuni. Nitawapa karatasi na kalamu za rangi, kila mmoja amchore mahali anapodhani alisimama: shambani, mlangoni, mezani. Vijana wawili wa kipaimara wameahidi kunisaidia na wale wadogo. Tukipata michoro mizuri tutaishika mbele ya usharika siku ya Mikaeli na Watoto, sikukuu ya watoto kanisani kwetu, na kila mtoto ataeleza kwa maneno yake kwa nini alimweka hapo. Kesho asubuhi nitamwona mchungaji, nimwombe dakika za kutosha kwenye ratiba ya ibada, maana watakaotaka kusema ni wengi.