Bibi na alama ya maji

Wiki hii nimezunguka Gulwe, wilayani Mpwapwa, na daftari na futi kamba. Mafuriko yakiikata Reli ya Kati huku kwetu, habari huwa ni reli. Alama za maji kwenye nyumba nani anazipima? Safari hii tumezipima wenyewe, wakazi. Mtaalamu alitufundisha asubuhi moja, kisha akatufuata nyuma.

Bibi mmoja alinishika mkono, akanionyesha mstari wa tope kwenye ukuta wa tembe yake. Sentimita 94 kutoka sakafuni.

"Maji yalisimama hapa, mjukuu wangu. Yalitokea korongoni, si mtoni."

Ramani tuliyopewa ina Mto Kinyasungwe peke yake! Korongo halimo kabisa. Tumelichora. Kesho ni mkutano wa kijiji, na bibi amekubali kulieleza mwenyewe.