Simbilisi mzee akigoma kula

Simbilisi wa miaka 6 akiacha kula, usingoje kesho. Nusu siku tu bila chakula, utumbo huanza kusimama. Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni: wa gramu 1,000 akipungua 100, hali ni mbaya hata kama bado anachangamka. Loweka peleti (chakula chake kikavu cha punje) kwenye maji ya uvuguvugu, umlishe kwa bomba la mililita 1 (sindano toa, jamani), ukipitishia pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele. Ukisukuma kwa pupa, uji unaingia mapafuni.

Amoksilini ya kumeza usimpe kabisa. Inaua bakteria wazuri wa utumbo na anaweza kufa kwa kuhara.

Kinachoumiza kichwa ni mawe ya kibofu. Piga eksirei kwanza. Upasuaji hutoa jiwe, ila nusukaputi ni hatari kwa mzee, na mawe hurudi mara nyingi. Moyo wake ni mzima na hajakonda? Mimi ningekubali apasuliwe. Amekonda, analia akikojoa na meloksikamu, dawa ya maumivu, haimtulizi? Mwombe daktari wa mifugo ampumzishe: dawa ya usingizi kwanza, ndipo sindano ya mwisho.